Juu ya Kuchagua Spika

Binadamu ana desturi ya kupenda kioo kinachomsifu. Akiwekewa vioo viwili, kimoja kionyeshacho uso kama ulivyo, na kingine kifichacho makunyanzi, aghalabu atachukua cha pili. Wala hapana wa kumlaumu, maana uso ni wake. Lakini kinyozi akitundika kioo cha namna hiyo dukani mwake, atawadhulumu watu wote wakaao kitini pake. Tofauti ya spika za starehe na spika za studio ni tofauti ya vioo hivi viwili. Spika ya starehe imeundwa ili msikilizaji apendezwe. Spika ya studio imeundwa ili fundi ajue. Ya kwanza huongeza unene chini na mng'aro juu. Ya pili yatakiwa isiongeze wala isipunguze. Insha hii ni juu ya kuichagua hiyo ya pili, kwa mtu mwenye fedha chache, katika chumba kidogo, mbali na bandari na maduka makubwa.

Pengine msomaji atashangaa kuona mwalimu wa Kiswahili akiacha sarufi na ushairi na kuingia katika mambo ya mafundi. Sababu yake ni hii. Lugha ni sauti kabla haijawa maandishi, na mwanachuoni wa lugha asiyejua njia ambayo sauti ilipita mpaka kumfikia ni kama hakimu asiyeuliza ushahidi ulitoka wapi. Zamani shida ilikuwa kupata mahali pa kunasia sauti. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Baada ya uhuru, bendi nyingi za Tanzania zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990 studio ndogo za watu binafsi zilizuka Dar es Salaam, na muziki wa Bongo Fleva ukakulia humo. Leo kompyuta moja, maikrofoni moja na chumba cha kulala vyatosha kumfanya kijana wa mkoani awe na studio. Mlango umekuwa wazi kwa watu wote. Swali lililobaki ni la masikio.

Kwetu ni Mpanda. Mji huu ulikua kwa ajili ya madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira ndiyo iliyoyachimba, na tawi la reli lenye urefu wa kilometa 210 likajengwa kutoka Kaliua ili kuyabeba, likafika mnamo mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mnamo mwaka 1960. Reli ilibaki, na watu wakabaki pamoja nayo. Mkoa wa Katavi, ambao Mpanda ndiyo makao yake, ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa katika Rukwa. Humo wamo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wamo Wafipa, wamo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na katika makazi ya Katumba na Mishamo wamo watu waliotoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Sokoni pa Mpanda mtu aliyefumba macho aweza kusikia lugha tano kabla hajamaliza kununua mchele. Hazina ya namna hii haipatikani katika maktaba, na wenye kuimiliki ni wazee.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana chumba cha kurekodia katika nyumba ya mama yake. Urefu wake ni mita tatu na nusu, upana mita tatu. Juu ni bati, chini ni saruji. Humo hurekodi kwaya za makanisa, kaswida, nyimbo za vijana na matangazo ya maduka. Wakati wa likizo hunigawia saa za alasiri, nami huwaleta wazee waseme na waimbe. Alipotaka kununua spika aliniomba ushauri, nami nikatoa sehemu ya fedha. Jumla yetu ilikuwa shilingi 900,000. Kwa Mpanda fedha hizo si kidogo. Kwa mambo ya studio ni kidogo sana.

Kabla ya kueleza tulivyochagua, sina budi kusimulia habari moja ya nyumbani, ili msomaji aone kwamba jambo hili si mchezo wa vijana. Shangazi yangu wa Inyonga alikuwa msimulizi. Alijua hadithi na nyimbo za Kikonongo ambazo wenzake wa rika lake walikuwa wamekwisha kuzisahau. Miaka kadhaa iliyopita, mpwa wangu akiwa bado shuleni, jamaa walimpeleka kwa fundi mmoja ili sauti yake ihifadhiwe. Fundi yule hakuwa mvivu wala mdanganyifu. Walakini alikuwa akisikiliza kazi yake kwa sabufa kubwa iliyowekwa pembeni mwa chumba kitupu. Katika chumba kile sauti ya mzee ilivuma kama ya mtu asemaye ndani ya pipa. Fundi, kwa nia njema, akapunguza sauti za chini, akapunguza tena, akapunguza mara ya tatu, mpaka mvumo ukaisha. Kisha, ili kupata nafasi katika kompyuta, akafuta nakala ya kwanza.

Shangazi alifariki mwaka uliofuata. Nakala tuliyo nayo ina sauti nyembamba, kavu, kama ya mtu apigaye simu kutoka mahali penye upepo. Wajukuu wake wakiisikia husema, "Huyu si bibi." Mvumo ule haukuwa katika kifua cha shangazi. Ulikuwa katika sabufa na katika pembe ya chumba. Daktari alitibu maradhi ya nyumba kwa kumkata mgeni aliyemo.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya kwanza ya jambo hili: kosa la spika huzaa kosa lililo kinyume chake katika kazi. Spika ikizidisha unene, fundi atapunguza unene, na kazi yake itakuwa nyembamba kila itakapochezwa. Spika ikiwa haina unene, fundi ataongeza, na kazi yake itanguruma katika kila redio. Spika yenye kung'arisha sauti za juu humfanya azizime. Yenye kuzizima humfanya azichochee mpaka ziumize. Fundi mwenye bidii huumia zaidi kuliko mvivu, kwa sababu kila saa aongezayo ya kusahihisha ni saa ya kuharibu.

Kwa mwanafunzi wa lugha madhara haya yana majina. Kiswahili kina irabu tano. Kinyamwezi, ambacho Kikonongo ni ndugu yake wa karibu, kina irabu saba, na tena kina toni, kama walivyoeleza Maganga na Schadeberg katika kitabu chao cha mwaka 1992. Irabu za juu zilizo jirani, zile za upande wa i na zile za upande wa u, hutofautiana kwa sehemu kubwa katika eneo la sauti lenye mitetemo kama 250 mpaka 500 kwa sekunde. Mtu akikata kwa nguvu katika eneo hilo au karibu yake, irabu mbili huanza kufanana. Upande wa juu nako kuna hatari yake. Katika Kiswahili chetu *thamani* na *samani* hupambanuliwa na mvumo mwembamba wa pumzi, ambao nguvu yake nyingi ipo juu ya mitetemo 4,000. Spika yenye kufunika sauti hizo humwacha fundi asijue kama msemaji alitaja bei au alitaja viti. Katika nakala ya shangazi yamo maneno ambayo irabu zake siwezi tena kuzitolea hukumu. Na aliyeweza kunijibu kaburi limemfunika.

Basi tulipoanza kutafuta, tuliweka sharti moja mbele ya mengine yote: spika isiwe mpambe. Historia ya kazi hii ina mfano mzuri wa sharti hilo. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa spika ndogo iitwayo NS-10, yenye koni nyeupe, kwa ajili ya sebule za watu. Sebuleni haikupendwa sana. Sauti yake ya juu ilikuwa kali, na baadhi ya mafundi walifikia kuifunika kwa karatasi laini. Sauti yake ya chini ilikuwa haba. Lakini mafundi wa studio waligundua kwamba ilikuwa ikifichua makosa ya kazi bila huruma, na kazi iliyosikika vizuri ndani yake ilisikika vizuri karibu kila mahali. Ikaenea katika studio za dunia mpaka ilipoachwa kutengenezwa mwaka 2001. Spika iliyokataliwa na wenye starehe ikawa mwalimu wa wenye kazi.

Sharti la pili lilikuwa ukubwa. Vijana wengi huamini kwamba spika kubwa ni bora kwa sababu ni kubwa. Katika chumba kidogo sivyo. Nililinganisha karatasi za watengenezaji. PreSonus Eris E3.5, yenye koni ya inchi tatu na nusu, ilitajwa kuwa yashuka mpaka mitetemo 80 kwa sekunde. Yamaha HS5, yenye koni ya inchi tano, ilitajwa kuwa yafika 54. JBL 305P MkII, ya mwaka 2018, yenye koni ya inchi tano pia, ilitajwa kuwa yafika 43. Zote zina amplifaya ndani yake, hivyo mnunuzi hahitaji kununua ya pembeni. Sauti ya mwanamume asemaye kwa kawaida huanzia karibu na mitetemo 85, na ya mwanamke juu kuliko hapo. Kwa hiyo mtu mwenye kurekodi hadithi tu, na mwenye fedha chache kupita sisi, ile ndogo ya inchi tatu na nusu yaweza kumfaa bila aibu. Lakini mpwa wangu hurekodi ngoma na gitaa la besi, ambazo hushuka chini ya hapo, na fundi hawezi kuhukumu asichokisikia. Inchi tano zilikuwa ndogo za kutosha kwa chumba na kubwa za kutosha kwa kazi. Inchi nane zingetuletea ngurumo ambayo chumba hakiwezi kuibeba.

Sharti la tatu lilikuwa kusikiliza kabla ya kununua, na kusikiliza kwa akili. Mwenye duka ana hila moja ya kale: huichezesha kwa sauti kubwa zaidi spika aitakayo iuzwe. Hila hiyo hufaulu kwa sababu ya maumbile ya sikio. Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza zaidi zile za chini. Ikipandishwa, unene huonekana kurudi. Kwa hiyo spika ichezayo kwa nguvu zaidi hudhaniwa ni nzuri zaidi, hata kama ni ile ile. Mpwa wangu alisafiri mpaka Kariakoo na rekodi tatu mkononi: wimbo wa kwaya anaoujua kila pumzi, ngoma aliyoirekodi mwenyewe, na sauti ya mama yake akisoma barua. Kila spika aliomba ichezwe kwa kiasi kile kile cha nguvu. Iliyotia utamu katika barua ya mama aliiacha. Alichukua jozi iliyomwonyesha kwamba mama yake alikuwa na mafua siku ile. Nayo ilikuwa 305P.

Katika fedha zetu hatukuzimaliza zote kwa spika. Theluthi moja tuliiweka kwa ajili ya chumba, na hapo rafiki zake walimcheka. "Mjomba wako," walimwambia, "amenunua magodoro badala ya mashine." Lakini hesabu iko upande wa magodoro. Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita tatu na nusu huitikia kwa nguvu mitetemo kama 49, kisha maradufu yake, yaani 97, kisha mara tatu yake, 146. Na upana wa mita tatu huitikia 57, 113 na 170. Nyingi za namba hizi zaangukia katika sauti za waume na wake. Chumba huimba pamoja na mwimbaji bila kualikwa. Spika ya shilingi milioni kumi ikiwekwa humo nayo itaimbiwa vivyo hivyo. Ndiyo maana twasema spika na chumba ni chombo kimoja chenye sehemu mbili, na mnunuzi wa sehemu moja amenunua nusu.

Kazi ya chumba haikutaka ufundi mkubwa. Magodoro mazito ya pamba yalisimamishwa katika pembe, kwa kuwa sauti nene hujikusanya pembeni. Mablanketi yalitundikwa kutani mbali kidogo na ukuta, mahali ambapo mtu aliyekaa kitini angeona spika kama ukuta ungekuwa kioo. Kabati la vitabu, lisilopangwa sawasawa, liliwekwa nyuma ya msikilizaji ili kuvunja mwangwi. Chini ya bati ilifungwa dari ya turubai yenye magunia ya pumba za mpunga juu yake. Mvua ya masika bado hushinda, na siku za mvua hatunasi. Spika zenyewe ziliwekwa mbali na pembe, zikitazama upande wa urefu wa chumba, kiasi kwamba spika mbili na kichwa cha msikilizaji hufanya pembetatu ya pande sawa, na sauti za juu zatoka mkabala na masikio. Yote haya yaligharimu chini ya theluthi ile. Iliyobaki tulinunua kidhibiti cha umeme, maana Mpanda kwa miaka mingi iliishi kwa umeme wa mitambo ya dizeli, na kila mwenye chombo hapa amejifunza kutouamini umeme kwa asilimia mia.

Lakini ugomvi wa kweli kati yangu na mpwa wangu haukuwa juu ya magodoro. Ulikuwa juu ya wateja.

"Mjomba," aliniambia, "mteja haji kwangu kutafuta ukweli. Anakuja kutafuta besi. Akisikia wimbo wake kifua kisitikisike, anatoka na kwenda kwa jirani, nami nalala njaa na ukweli wangu."

Neno hili halikuwa la kipuuzi. Mwalimu apataye mshahara mwisho wa mwezi ni rahisi kuhubiri ukweli kwa mtu alaye kwa kazi ya siku. Tena wimbo haukuumbwa ili ukae studioni. Utaishi katika simu, katika redio ya bodaboda, katika basi la Tabora, na katika sabufa ya harusini. Fundi asiyejua nyumba hizo hajui wimbo wake utakakolala. Hivyo tulipatana. Sabufa aliyokuwa nayo hakuiuza. Imekaa sebuleni, nje ya chumba. Kazi hufanywa kwa spika za studio mpaka iishe. Kisha huchezwa kwa simu, kisha kwa sabufa. Mteja huitwa hapo mwisho, kifua chake kikatikiswa, akalipa, akaenda zake na furaha. Mashahidi ni watatu, lakini hukumu hutolewa mbele ya yule asiyependelea. Mpwa wangu amekwisha kuniambia jambo ambalo sikumfundisha: tangu aanze kufanya hivyo, sabufa yenyewe husikika vizuri zaidi, kwa kuwa unene uliomo sasa ni wa ngoma.

Kwa wanafunzi watakaokwenda vijijini kurekodi wazee, nina maneno machache ya kuongeza. Nakala ya kwanza isifutwe kamwe. Masahihisho yote yafanywe juu ya nakala ya pili, maana masikio ya kesho yaweza kuwa bora kuliko ya leo. Spika ya bei ndogo isidharauliwe, wala isiaminiwe kabla tabia yake haijajulikana. Mtu asikilize kwayo sauti azijuazo, mwezi mzima, mpaka ajue inapozidisha na inapopunguza. Chombo dhaifu ambacho udhaifu wake wajulikana ni bora kuliko chombo cha fahari ambacho mwenyewe hukistahi tu.

Na kipo kipimo kimoja kisicho na bei, ambacho sisi hukitumia kila tunapomaliza kumnasa mzee. Humwomba aketi kando ya spika aseme maneno machache. Kisha rekodi yake huchezwa mahali pale pale, kwa nguvu ile ile, nasi tumefumba macho. Kikohozi, pumzi, irabu na kicheko hulinganishwa kimoja kimoja. Spika ikisingizia, mwenye sauti yupo hapo hapo, na wajukuu wake wapo, nao husema, "Sivyo asemavyo." Hapana karatasi ya mtengenezaji ipimayo kwa haki namna hii. Lakini kipimo hiki kina siku zake. Mwenye sauti akiondoka, spika hubaki kusema peke yake, nasi hatuna budi kuisadiki.